Siku Bwanaheri Alipotaja Jina Lake

Fundi Bwanaheri wa Kibiti ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Alizaliwa kisiwani Msufini, ng'ambo ya Nyamisati, mtoto wa tatu wa mkata boriti, na katika nyumba yao ya watoto saba kila mtu alisema kwa kasi isipokuwa yeye. Herufi zilizomtesa zaidi ni zile zinazofunga midomo, na kwa bahati mbaya jina lake linaanza na mojawapo. Akiulizwa jina, midomo ilikutana ikagandana, shingo ikakakamaa, na neno likabaki kooni.

Ajabu yake ni kwamba chuoni, mbele ya msahafu, alisoma bila kukwama hata mara moja. Mwalimu alimwambia baba yake kuwa ulimi wa mtoto ni mzima kabisa. Lakini msahafu ukishafungwa, hata akiulizwa amekula nini, maneno yalikatika. Shuleni, majina yalipoitwa asubuhi, yeye alinyoosha mkono badala ya kuitika, na wenzake wakamwigiza hadi kengele ya mapumziko. Alipomaliza darasa la saba hakuona cha kusikitikia.

Akajifunza ufundi wa mashine za boti. Kazi hiyo ilimfaa, kwa sababu mwenye mashine hupenda kueleza mwenyewe ilivyoanza kukohoa na ilipozimika, na fundi anachotakiwa ni kusikiliza na kufungua nati. Alihamia Kibiti mjini, akaweka kibanda kando ya barabara kuu, akaoa. Mkewe, Swaumu, alikuwa mtu wa kwanza asiyemmalizia maneno. Alikaa akingoja, hata kama chungu kilikuwa kinaungua, mpaka mumewe afike mwisho wa alichotaka kusema.

Redio aliipata kwa bahati tu. Mzee mmoja aliyeitwa Abdulatifu, aliyefanya kazi miaka mingi melini kama mpokeaji na mtumaji wa habari za redio, alimwita amtazamie pampu ya maji. Bwanaheri alikuwa amechuchumaa kisimani aliposikia kutoka chumbani milio mifupi na mirefu ikifuatana kwa mpango. Aliacha spana, akaenda kusimama mlangoni. Mzee Abdulatifu akamweleza kuwa ile ni Morse, kwamba kila herufi ina milio yake, na kwamba muda ule alikuwa akizungumza na mtu aliyeko Msumbiji ambaye hajawahi kumwona.

Bwanaheri aliuliza swali moja, nalo lilimchukua muda mrefu kulitoa: mtu anaweza kuzungumza hivyo siku zote, bila kufungua mdomo?

"Mimi nimezungumza hivyo miaka ishirini na sita," akajibu mzee.

Kuanzia hapo alikwenda kwa mzee kila jioni. Alijifunza miaka miwili, akafanya mtihani wa leseni ya redio za ridhaa, yaani redio ya mtu anayezungumza kwa mapenzi tu, si kwa biashara, akafaulu. Mzee alipohamia Tanga kwa binti yake, alimwachia redio ile na kitufe cha kugongea. Kulikuwa pia na maiki. Bwanaheri aliijaribu siku moja tu. Alibonyeza, midomo ikafunga, na mtu wa upande wa pili akasema redio ya Kibiti naona imekufa. Akaichomoa maiki, akaitia kwenye boksi la vipuri.

Kwa kitufe alikuwa mtu mwingine kabisa. Alifanya mizaha, alibishana, alisimulia. Wapenzi wa redio kutoka Bukoba hadi Mtwara walimjua kwa mkono wake, kwa maana kila agongaye ana mwendo wake, na mwendo wa Bwanaheri ulikuwa safi na wenye haraka kidogo. Aliyemzoea zaidi ni Bi Mwanaharusi wa Utete, mjane wa makamo ya juu, aliyekuwa akituma simu za maandishi kwa Morse alipofanya kazi posta enzi zile. Kila Ijumaa baada ya alasiri walikutana hewani. Bi Mwanaharusi alimkosoa kwa kubana herufi, akamweleza habari za magoti yake, mbuzi wake na majirani zake. Bwanaheri naye alimpa habari za kila mtoto aliyezaliwa nyumbani kwake siku ileile. Mambo yakaenda hivyo miaka mitano.

Mara mbili katika miaka hiyo Bi Mwanaharusi alimwambia kuwa anasafiri kwenda Dar es Salaam na angependa kuteremka Kibiti amjulie hali. Mara ya kwanza Bwanaheri alijibu kuwa ameitwa delta, kule visiwani, kutengeneza mashine. Mara ya pili alijibu hivyohivyo. Siku zote mbili alikuwa kibandani kwake, akitazama mabasi yanavyopita.

Halafu likaja jambo asiloweza kulikimbia. Wapenzi wa redio za ridhaa hukutana mara moja kwa mwaka, na mwaka ule walipanga kukutana Kibiti, katika shule moja ya sekondari wakati wa likizo. Sababu ilikuwa visiwa vya delta: wenzao wa nchi za mbali hutafuta sana kuzungumza na redio iliyo kisiwani, kwa hiyo wangefanya mkutano Jumamosi, na Jumapili wangevuka maji. Mwenyekiti wao, Miraji, mwalimu wa chuo cha ufundi, alimwandikia Bwanaheri kuwa wao ni wageni wake.

Wiki nzima Bwanaheri hakulala vizuri. Alimwambia Swaumu kuwa huenda kuna mashine Mtunda inayomhitaji siku hiyohiyo. Swaumu alikuwa akichambua mchele. Hakumtazama.

"Mashine hiyo imeharibika lini," aliuliza, "na wewe umejuaje kuwa itaharibika Jumamosi?"

Kwa hiyo Jumamosi akaenda. Alivaa shati lake jeupe la sikukuu, lakini kwa mazoea akachukua na mkoba wa vifaa, maana bila mkoba ule hakujua mikono yake aiweke wapi. Getini kulikuwa na meza, na juu ya meza vitambulisho vya kuvaa shingoni vilivyopangwa kwa safu. Akakiona chake kabla hajafika: jina lake kwa herufi kubwa, chini yake alama ya wito anayotumia hewani. Binti aliyekaa mezani akamkaribisha, akamuuliza jina.

Midomo ikagandana. Nyuma yake watu watatu walikuwa wakingoja. Alijaribu kuanzia mbali, kwa kusema "naitwa", nayo ikatoka, lakini baada ya hapo hakikufuata kitu. Binti akamtazama uso, akatazama mkoba wa vifaa, kisha akafurahi kama mtu aliyepata jibu.

"Ah, wewe ndiye fundi wa jenereta. Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili. Pita huko nyuma ya ukumbi, wanakungojea."

Bwanaheri akatikisa kichwa kukubali. Kilikuwa kitu chepesi kuliko vyote vilivyowezekana pale. Akapita, na kitambulisho chake kikabaki mezani.

Jenereta kweli lilikuwa limegoma. Petroli ilikuwa imekaa humo miezi, kabureta imejaa utando. Alikunja mikono ya shati la sikukuu, akafungua, akasafisha, na baada ya nusu saa likawaka. Watu wakampigia makofi kupitia dirishani. Mtu wa jikoni akamletea chai na chapati mbili, akamwomba asiondoke, lisije likazima tena. Basi akapata ruhusa ya kukaa karibu na mlango wa ukumbi asubuhi nzima bila kuulizwa neno na mtu.

Aliyoyaona pale yalimpa furaha iliyochanganyika na uchungu. Waya wa antena ulikuwa umetandazwa kutoka mlingoti wa bendera hadi juu ya mnazi. Juu ya meza kulikuwa na redio za kila aina, nyingine zimetengenezwa ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Wazee walikuwa wakibishana na wanafunzi juu ya urefu wa waya. Watu waliofahamiana miaka kumi kwa sauti tu walikuwa wakishikana mikono na kuchekana: nilidhani wewe ni mrefu, nilidhani una ndevu. Na mara tatu alisikia mtu akiuliza kama yule wa Kibiti, mwenye mkono wa haraka, ameshafika. Kila mara aliinama juu ya mkoba wake akapanga spana zilizokwisha kupangwa.

Bi Mwanaharusi alifika saa nne. Bwanaheri alimjua kabla hajatajwa, kwa sababu ya magoti. Alikuwa mama mfupi aliyevaa baibui, akitembea kwa fimbo na kupumzika kila hatua chache. Aliuliza jambo getini, akatazama kile kitambulisho kilichobaki, kisha akaomba kiti, akakaa papo hapo kwenye kivuli cha ukuta akiwa ameelekea barabarani. Watu walimwita aingie ndani. Akasema anamngoja mtu.

Alikaa hivyo hadi karibu na adhuhuri. Bwanaheri alimpelekea maji ya kunywa, maana hakuweza kuvumilia kumtazama tu. Bi Mwanaharusi akapokea, akamwombea dua, kisha akamuuliza kama yeye ni wa hapahapa Kibiti. Bwanaheri akakubali kwa kichwa.

"Basi mwanangu, unamfahamu mtu anaitwa Bwanaheri? Ana redio. Ni fundi, kama wewe."

Bwanaheri akatikisa kichwa kukataa.

Bi Mwanaharusi akanywa maji yake polepole. Kisha, kama watu wanavyomwambia mgeni mambo ambayo hawamwambii jirani, akasema kuwa mara mbili amemtumia mtu huyo habari waonane, na mara mbili amekimbia. Na leo mkutano umekuja mlangoni kwake, hakuja. Alisema tangu marehemu mumewe aondoke, Ijumaa ndiyo siku pekee anayovaa nguo nzuri akiwa nyumbani, ingawa redioni haonekani.

"Mimi nadhani amechoka kumstahi kikongwe," akasema. "Haya, si neno. Vijana wana shughuli."

Akainuka kwa fimbo yake, akaenda kutawadha.

Bwanaheri aliswali adhuhuri katika msikiti uliokuwa karibu na shule, safu ya nyuma. Alikuwa amedhani miaka yote kwamba kujificha kwake ni jambo lake mwenyewe, lisilomgharimu mtu mwingine. Hakuwa amefikiria kuwa upande wa pili kuna mtu anayehesabu safari alizokimbiwa, na kujilaumu kwa uzee wake. Imamu alipotoa salamu, yeye alibaki amekaa. Kisha akarudi shuleni, akasimama mlangoni mwa ukumbi, tambara la mafuta mkononi.

Baada ya chakula kila mtu alisimama akataja jina, mahali atokako na alama yake ya wito. Ilipokwisha, Miraji akachukua orodha ya waliojiandikisha lakini hawakufika, akaanza kuwasoma ili awakate. Akasoma mtu wa Singida. Akalikata jina. Akasoma mtu wa Ngorongo, mtu akajibu kuwa huyo mkewe amejifungua. Kisha akasoma, "Bwanaheri, Kibiti," akangoja kidogo, akainamisha kalamu.

"Ni," akasema Bwanaheri.

Watu wakageuka. Wakamwona fundi wa jenereta amesimama, mdomo umefungwa, mishipa ya shingo imetoka, macho ameyakaza ukutani. Alijaribu kusema "ni mimi", na ile mimi ikakataa. Akarudi nyuma, akaanza upya, ikakataa tena. Alikuwa akingoja kile alichokizoea: mtu atacheka, au mtu atamhurumia amalizie kwa niaba yake.

Hakikutokea hata kimoja. Miraji aliinua kalamu kwenye karatasi. "Endelea," akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia hewani. "Tunakusikiliza." Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinuka bila haraka, akalifunga, ili kelele za jenereta zipungue, kisha akarudi kukaa akiwa ameinamisha kichwa upande. Wengine walifumba macho. Ukumbi mzima ulitulia, na kwa mara ya kwanza Bwanaheri aliwatazama watu wakimngoja na kuona kuwa hawakuwa wakivumilia chochote. Hii ndiyo ilikuwa kazi waliyoipenda. Nusu ya maisha yao walikuwa wamekaa mbele ya spika wakiokota maneno yaliyokatika, ya watu wa mbali, katikati ya radi na mikwaruzo, na kila neno walilolipata walilifurahia.

Ilichukua muda. Hakuna aliyetazama saa. Jina lilitoka vipande vipande, la baba likafuata, kisha akaanza kutaja alama yake ya wito, herufi moja moja.

Mzee mmoja wa Morogoro, aliyekuwa na masikio mazito, aliinua mkono kutoka nyuma. "Herufi ya mwisho sijaipata. Rudia."

Bwanaheri akairudia, vibaya kuliko mara ya kwanza. Mzee akaiandika. "Nimeipata. Karibu."

Binti wa getini alikuja na kile kitambulisho, uso umemwiva kwa aibu, akamwomba radhi. Watu wakamzunguka, wakamshika mikono yenye mafuta. Lakini Bi Mwanaharusi hakuinuka. Alikaa kitini kwake, fimbo magotini, akatazama mbele. Bwanaheri akaenda, akachuchumaa mbele yake, akamwamkia. Mama huyo akaitikia, kwa sababu salamu haikataliwi.

"Nilikuuliza asubuhi," akasema. "Ukanitikisia kichwa."

"Ni-niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

Bwanaheri akagusa mdomo wake. Bi Mwanaharusi akaiweka fimbo kando.

"Miaka mitano umenisimulia nyumba yako yote. Najua mwanao wa pili aliota jino lini. Hili ndilo ulilonificha?"

Alitaka kumwambia kuwa hakumkimbia kwa sababu ya uzee wake, na alimwambia, ingawa sentensi hiyo ilikuwa na maneno mengi ya kufunga midomo na alilazimika kuianza mara nne. Mama wa watu akangoja mpaka nukta ya mwisho. Kisha akashusha pumzi, akasema magoti yamekaza na chai ingefaa. Walipokunywa chai hasira yake ilikuwa imebaki nusu, na nusu hiyo akaimalizia kwa kumwambia kuwa bado anabana herufi, hasa akiwa na furaha, na kwamba siku alipotangaza kuzaliwa kwa binti yake hakuna mtu aliyeelewa kama ni mtoto au mbuzi. Gari la Utete liliondoka bila yeye. Usiku ule Bi Mwanaharusi alilala nyumbani kwa Bwanaheri na Swaumu.

Jumapili watu kumi na wanane waliteremka Nyamisati na maboksi yao, wakavuka hadi Msufini. Bwanaheri ndiye aliyeshika mashine ya boti, kwa sababu anaijua mikondo. Kaka yake aliwapa boriti mbili ndefu za mkandaa, wakazisimamisha uwanjani, wakavuta waya katikati. Wanawake wakaleta mikeka, wazee wakaleta maswali. Mama yake Bwanaheri, ambaye haoni vizuri siku hizi, alisogezewa karibu na redio.

Bwanaheri alikaa kwenye kitufe tangu asubuhi. Waliitikia watu wa Japani, wa Afrika Kusini, wa Ufini, foleni ndefu, kila mmoja akitaka kuandika kuwa amezungumza na kisiwa hiki. Alipochoka, Miraji akakaa yeye na maiki. Alasiri ilipokaribia, Bwanaheri aliyekuwa ameketi pembeni akila embe bichi na chumvi aliinuka mwenyewe, akanawa mikono, akamgusa Miraji begani. Miraji akampisha.

Akabonyeza, akaita. Mtu akamjibu kutoka Songea, sauti nyembamba, ikipanda na kushuka. Akamuuliza anaita kutoka wapi. Bwanaheri akaanza kutaja Msufini, midomo ikakutana.

"Umezama kidogo," akasema yule wa Songea. "Hali ya hewa mbaya huku. Rudia kisiwa."

Akarudia. Akazama tena, akarudia mara ya tatu, na Songea akalipata jina zima, akalisoma kwa herufi kuhakikisha, akamshukuru. Mama yake aliuliza yule ni nani anayezungumza na mwanawe kwa adabu namna ile.

"Si-simjui, mama," akajibu Bwanaheri. "Yuko Songea."

Kigugumizi bado anacho. Kibandani kwake wateja wapya bado humaliza maneno yake, na siku nyingine huwaacha, siku nyingine huinua kidole wangoje. Ijumaa ameziacha zilivyokuwa, kwa kitufe. Lakini Jumapili asubuhi hutoa maiki, na wenzake wa redio wanajua kuwa Kibiti akiita hupewa nafasi yake, na anayeingilia kati huambiwa na Bi Mwanaharusi atulie. Shule ile imemwomba afundishe wanafunzi kila Alhamisi. Wako kumi na mmoja, na wanne wanajiandaa kwa mtihani wa leseni. Mkutano ujao utakuwa Mbeya. Ameshaulizia basi, na Bi Mwanaharusi ametuma habari kuwa naye anakwenda, atafutiwe kiti cha mbele, penye nafasi ya kunyoosha magoti.